Mahindi Yaliyoungua

Jana jioni nikishuka stejini nilinusa mahindi yanaungua, nikasimama ghafla. Binti yangu akanivuta mkono: "Mama, twende, mvua inakuja." Sikumjibu. Nilikuwa nimerudi Jericho, mtaani kwetu Nairobi, Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019, nje ya kinyozi cha Baba Otis.

Siku zile zilikuwa nzito. Kwanza madarasa yaliporomoka Dagoretti, watoto wakiwa ndani. Machozi hayajakauka, gari likateleza kutoka kwenye feri pale Likoni, Mombasa, na mama na bintiye wakazama nalo. Kila jioni tukawa tunaketi mbele ya runinga kutazama maji. Mimi ni mtoto wa Mtongwe, jirani na Likoni. Kivuko kile nimekivuka nikienda shule, nikienda arusini, nikienda kuzika. Dada yangu alikivuka kila siku kwenda kazini, na nikimpigia simu alianza na "Tumevuka salama," hata kabla ya salamu. Siku ya kumi na tatu, Ijumaa, wapiga mbizi wakafaulu, gari likatolewa kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Usiku huo nilizima runinga nikaificha rimoti chini ya godoro.

Kesho yake nilitoka kununua maziwa tu. Kwa Baba Otis watu walikuwa wamefurika hadi barabarani. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, kitambaa kingali shingoni, na Baba Otis ameinua mashine inanguruma hewani, macho ukutani kwenye runinga.

"Ni Kipchoge, dadangu. Yuko Vienna, anataka kumaliza marathoni chini ya saa mbili."

Zilikuwa zimesalia kama kilomita mbili. Wale wa kumwekea kasi, 41 kwa jumla, waliokuwa wakipokezana tangu mwanzo, walikuwa wamemzunguka kwa fulana zao nyeusi, yeye katikati na fulana yake nyeupe. Kando yangu alisimama Shosho wa mahindi. Alikuwa ameacha jiko lake ng'ambo ya barabara, kipepeo angali nacho mkononi.

"Atafika?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja aliogopa kulitamka.

"Atafika?"

Kisha wale wenzake wakapunguza mwendo na kumwachia njia. Akabaki peke yake mbele, anatabasamu, anaelekeza vidole kwa watu, anajipiga kifua. Saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Jericho ililipuka. Mtu akanikanyaga, mtu akanikumbatia, pakiti ya maziwa ikapasuka. Lakini Shosho hakupiga kelele. Alinishika mkono, kiganja chake kina joto la makaa na kimejaa majivu, akasema polepole, kama anayeeleza jambo lililomtokea nyumbani kwake: "Amefika. Huyu amefika."

Ndipo tukasikia harufu. Mahindi yote jikoni yalikuwa meusi ti! Shosho akaanza kuyatupa, watu wakamzuia. Waliyanunua yote, wakayapaka ndimu na pilipili, wakala hadi midomo ikawa myeusi. Langu alilipa yule wa nusu kichwa.

Nikampigia dada. "Tumevuka salama," akasema, halafu akanyamaza. "Umeona?"

"Nimeona."

Tulilia sote wawili, na sijui hadi leo tulikuwa tukimlilia nani: huyu aliyefika, au wale wawili waliokuwa hawajazikwa bado. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa haki kushangilia hivyo, siku moja tu baada ya gari lile kutolewa. Sina jibu. Najua tu kwamba jioni ile niliitoa rimoti chini ya godoro, na Jumapili nilikuwa macho kumwona Brigid Kosgei akivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kule Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4.

Jana matone yalikuwa yameanza. Kijana wa mahindi alikuwa ameshika koleo, anataka kuliondoa lile lililoungua.

"Hilo limeharibika, mama. Ngoja nikuchomee lingine."

"Nipe hilo hilo," nikamwambia. Binti yangu akalitazama, akaomba nusu.