Hesabu ya Tonge

Tanga, Alhamisi usiku

Jumamosi kuna ndoa Ngamiani, na ndoa ya Ngamiani hailiwi kwenye sahani. Linakuja sinia: walaji wanne au watano, pilau imejaa katikati, nyama juu, kachumbari pembeni, ndizi mbivu moja kwa kila mtu. Aliyeacha sukari na kupunguza wanga anaweza kujipimia nyumbani mwaka mzima, lakini sinia halina alama ya kuonyesha hapa pako na hapa pa jirani. Hesabu yake inafanywa kabla. Ukingoja mpaka pua imeshanusa karafuu na hiliki, kila jibu litatoka upande wa pilau.

Kipimo cha sinia ni tonge. Lipime nyumbani mara moja tu, inatosha kwa miaka. Chukua wali uliopoa kidogo, kata tonge kama ulavyo siku zote bila kujibana, liweke kwenye mizani ya jikoni. Rudia mara tatu, jumlisha, gawa kwa tatu. Tonge la mtu mzima aghalabu huangukia kati ya gramu 20 na 30. Wali uliopikwa una wanga kama gramu 28 katika kila gramu 100, kwa hiyo tonge moja ni gramu 6 hadi 8. Matonge matano, kama gramu 35.

Gramu 35 ni nyingi au chache? Inategemea unaishi wapi. Anayejiwekea chini ya gramu 130 kwa siku anazibeba bila shida, mradi chakula cha asubuhi kilikuwa mayai na si chapati. Anayeishi kwenye gramu 20 hadi 50, pale ambapo ini linatengeneza ketoni, nishati itokanayo na mafuta badala ya wanga, ameshaimaliza siku nzima au sehemu yake kubwa. Watu hawa wawili hukaa sinia moja, wakapeana ushauri, na mmoja akaumia. Jua kwanza wewe ni yupi.

Ndizi ile mbivu ya pembeni, ya ukubwa wa wastani, ina gramu 25 hivi. Ni matonge matatu na nusu. Mpe mtoto.

Halafu mpangilio wa kula. Kachumbari kwanza, nyama pili, wali mwisho. Wanga ukiingia tumboni na kukuta mboga, protini na mafuta vimetangulia, glukozi, yaani sukari ya damu, hupanda polepole na kilele chake huwa kifupi kuliko wali ukianza. Matonge ni yaleyale, chakula ni kilekile, kilichobadilika ni zamu tu. Kwenye sinia hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkono unaochambua nyama una kazi ya heshima. Wachambulie wazee, wasogezee watoto vipande, na dakika kumi zitapita hujagusa wali wala hakuna aliyekuuliza.

Akiuliza mwenye shughuli, usimwambie habari za dayati. Neno hilo likitajwa utaulizwa unaumwa nini, kila mtu atakuja na dawa yake, na mwisho utaongezewa wali ili upone. Pwani ina majibu yake. "Mwanangu, mbona mkono mzito?" "Nimeshiba, shangazi, Alhamdulillahi. Nyama hii umeiungaje?" Sifa ikitaja kitu mahususi humfikisha mwenyeji alikokuwa anataka kufika. Ataeleza habari za tangawizi na kitunguu saumu, tonge lako litasahauliwa.

Soda sina huruma nayo. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida ina sukari gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai vilivyosawazishwa, na haina cha kuichelewesha njiani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5, yaani kama gramu 25. Chupa moja imevuka. Juisi ya miwa ni hivyohivyo, ndimu na tangawizi zisikudanganye. Zinabadilisha ladha, sukari iko palepale. Dafu ni jambo jingine: maji yake yana gramu 3 au 4 kwa kila mililita 100, kwa hiyo dafu la kawaida ni gramu 10 hivi. Kama lazima ushike kitu mkononi, shika dafu.

Sasa swali la kujiachia kwenyewe: ule nini? Kanuni ninayoiamini ni moja. Ruhusa yako usiitumie kwa kitu kinachopatikana kila siku. Mkate wa dukani utaukuta Jumatatu, soda utaikuta hata saa sita usiku. Ila mkate wa kumimina uliopikwa na bibi anayejua kuuchachusha, wenye vitundu vidogo na harufu ya tui, huo hauji kila wiki. Kipande cha gramu 40 kina wanga kama gramu 20. Kula hicho, kaa chini, tafuna taratibu, na matonge ya wali yapungue mawili au matatu kulipia.

Wazee wa mabarazani waliimaliza hesabu hii zamani bila mizani. Kahawa chungu, kikombe kidogo, na kipande kimoja cha kashata. Kashata ya nazi nusu yake na zaidi ni sukari, lakini kipande cha gramu 15 hakizidi gramu 10, na uchungu wa kahawa unakufanya ukitafune kwa mapumziko. Atakayekula vipande sita na chai ya maziwa yenye sukari ameshaiacha busara yenyewe akabeba kashata tu.

Na sasa kiporo, ambacho ndicho kilichonifanya nifungue daftari hili usiku huu. Anayesema "harusi iliniharibia mlo" mara nyingi harusi haina kosa. Matonge matano ya Jumamosi ni jambo la jioni moja. Kinachoharibu ni kile kifurushi cha mlangoni: pilau kwenye kontena, nusu ya mkate wa kumimina, visheti kwenye mfuko. Jumapili asubuhi pilau inapashwa moto kwa chai. Jioni visheti viwili, kisha vinne. Jumatatu kinachobaki "kisitupwe, ni dhambi." Gramu 35 zimekuwa 300, na hakuna hata tonge moja kati ya hayo lililoliwa kwa furaha.

Kifurushi usikikatae, hilo ni tusi. Kipokee kwa mikono miwili, lakini kisilale kwako. Nyama itoe kwenye wali usiku uleule, iingie friji. Hiyo ni mboga ya kesho. Wali na vitamu vipelekwe kwa jirani mwenye watoto kabla hujavua viatu, maana ukishavua viatu hutoki tena. Vya kuogopa zaidi ni visheti. Kaimati zikishalala kwenye shira hulainika na kukosa mvuto, mkate wa kumimina hukauka, lakini kisheti kwenye kopo lenye kifuniko kizuri kinakaa wiki mbili kikiwa kikavu vilevile, na kila ukipita jikoni kinalia kwenye kopo. Chakula kisichoharibika hakikupi haraka ya kukigawa.

Jumapili asubuhi usijiadhibu kwa njaa. Kufunga kwa hasira huishia saa kumi jioni mbele ya viazi karai. Kula mayai, mchicha wa nazi, samaki wa kuchoma, kisha tembea. Dakika 15 za kutembea baada ya kula, Jumamosi na Jumapili, zinasaidia zaidi ya saa moja ya Jumatano, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta glukozi wakati ule ule inapopanda.

Na mizani ya mwili iache mpaka Alhamisi. Mwili huhifadhi glukozi kama glaikojeni, kama gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu hulala na maji yapata gramu tatu. Aliyekuwa amekausha ghala hilo, akila wanga siku moja, anaweza kuongezeka kilo moja na zaidi hadi asubuhi. Si mafuta. Kilo moja ya mafuta inataka ziada ya kama kalori 7,700, na hakuna mtu mmoja anayezila kwenye sinia kwa jioni moja. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo. Kilo hizi nazo ni wageni wa aina hiyo, ukiacha kuwapikia wanaondoka. Wakati wa kuondoka maji hayo hutoka na chumvi, ndipo kichwa huuma na miguu kulegea. Bakuli la supu ya pweza au ya mifupa, yenye chumvi ya kawaida, hulimaliza hilo, isipokuwa kwa mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi.

Anayetumia dawa za kisukari haya yote yana mlango mwingine. Insulini, na vidonge vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi, vinashusha sukari hata kama wanga umepungua. Kipimo cha dawa kilichopangwa na daktari wakati mtu anakula ugali mchana na usiku kinaweza kumwangusha akishaacha ugali. Dawa zirekebishwe na daktari kabla ya mlo kubadilishwa. Na hapa ndipo sukari inapokuwa halali bila mjadala: kutetemeka, jasho baridi, kuchanganyikiwa, kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L), mtu apewe gramu 15 za sukari mara moja, vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Asitokee mtu wa kusema "lakini aliacha sukari."

Mitego midogo, kwa haraka. Korosho: gramu 100 zina wanga wa kumeng'enyeka kama gramu 27, karanga hazifiki 10, bakuli la korosho mbele ya maongezi ni sahani ya wali isiyoonekana. Asali na sukari guru ni sukari, iwe ya nyuki au ya muwa. Biskuti zilizoandikwa hazina sukari zina unga wa ngano, na mara nyingi maltitoli, ambayo hupandisha glukozi kama nusu ya sukari na huendesha tumbo ukizidisha. Sukari mbadala kwa jumla nazitazama kama fimbo ya kutembelea baada ya kuteguka. Mwongozo wa 2023 wa Shirika la Afya Duniani haushauri kutegemea vitamu visivyo na sukari kwa kudhibiti uzito, ingawa haukuhusu jamii ya maltitoli.

Kwa siku zisizo na harusi, lakini roho inataka kitumbua, kuna machicha. Kitumbua cha mchele na sukari, cha ukubwa wa kawaida, kina wanga gramu 17 hivi. Hiki cha machicha hakifiki gramu 2, na hakijifanyi kuwa kile cha mchele.

Machicha ya nazi mbili zilizokamuliwa vizuri yatandaze kwenye ungo juani, yageuze kila baada ya saa mbili mpaka yakauke yawe mepesi, kisha saga kwenye blenda na uchekeche. Pima gramu 60. Piga mayai manne, mimina tui zito mililita 150, chumvi kidogo, hiliki ya kusaga nusu kijiko, baking poda kijiko kimoja cha chai. Changanya na machicha, kisha acha dakika kumi. Hizo dakika kumi ndizo zinazorukwa, na ndizo zinazoharibu: machicha hunywa maji taratibu, ukimimina mapema uji utaonekana mwepesi, utaongeza unga, na kitumbua kitatoka kikavu kama kibanzi. Hamira usiweke, humu hakuna cha kuilisha.

Chuma cha vitumbua kipate moto wa wastani, mafuta kijiko kila shimo. Hakuna mchele wa kushikilia, yai peke yake ndilo linalofunga, kwa hiyo usigeuze mpaka ukingo wote uwe umekauka na katikati pametulia. Moto mkali utaunguza chini, juu kubaki maji, na ukigeuza kitapasuka vipande viwili. Vinatoka kumi hadi kumi na viwili. Utamu uupate kwenye hiliki na tui. Ukiweka erithritoli, weka kijiko kimoja tu, kwani ikipoa hurudi kuwa chembechembe na kuacha ubaridi mdomoni. Usiijaribu kabisa kwenye kashata: haigeuki karameli, utapata mchanga wa nazi.

Machicha ya leo hayajakauka, wingu lilitanda tangu alasiri. Ungo umeingizwa ndani, na kesho jua likianza kuwaka utarudi uani.