Ngome Kongwe ya Bagamoyo, kwa macho ya mtu wa Mpwapwa

Nimerudi Dodoma, lakini akili bado iko Bagamoyo.

Ngome Kongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani kuna ubaridi hata jua likiwa la utosi. Ilianza mwaka 1860 kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu. Baadaye ikawa ngome, Wajerumani wakaichukua, wakaja Waingereza, na polisi waliitumia hadi 1974. Mtembezaji wetu alieleza yote hayo kwa ufasaha. Mimi nilisimama juu, bahari iko mbele yangu, nikawa natazama upande wa bara.

Maana misafara ya biashara kutoka bara, iliyoishia pale Bagamoyo, ilipita kwetu. Mpwapwa ndipo walipopumzika, wakanunua chakula na kujaza maji, kwa sababu mbele ya Chunyo, jirani na Mpwapwa, kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Huko Ugogo watemi walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo, shanga na waya. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kwamba ni unyang'anyi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwenye nchi kame, aliyechimba kisima ana haki ya kulipwa na anayekunywa.

Lakini pale ngomeni kuna jambo lililoniuma, na bado linaniuma. Hongo hiyohiyo ilifungua njia kwa misafara yenye watumwa. Waliopita Ugogo wakiwa wamefungwa walikunywa maji ya visima vyetu, kisha wakaendelea kuelekea pwani. Sijui niyaweke wapi mawazo haya.

Halafu kuna Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Wengi tunamhesabu kuwa shujaa wa pwani. Mwezi Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akaingia bara, akakishambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa. Kabla mwaka haujaisha Wajerumani walikuwa wamejenga ngome kwetu, na Desemba wakamnyonga Abushiri Pangani. Vita vile vilikuwa vyetu pia, na watoto wa Mpwapwa wanastahili kuvijua kama wanavyovijua wa Pangani.

Jioni hii nimempigia mjomba, nikamsimulia yote. Amesikiliza kimya, kisha akasema, "Mwanangu, walete wadogo zako likizo hii. Tutakwenda wote Chunyo kwa miguu." Nimeshawaambia watafute viatu vizuri.