Asubuhi Tuliyofunga Daftari la Miadi

Vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni. Chuo cha umma nilichokuwa mshauri nasaha kiliamua kufidia wiki zilizopotea kwa kubana ratiba, vipindi vikaendelea hadi usiku na majaribio yakafuatana bila nafasi ya kupumua. Kitengo chetu kilikuwa na washauri wawili tu, mimi na dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Kila mwanafunzi alipewa miadi ya saa nzima, kama taaluma yetu inavyoelekeza, na haukupita muda daftari likajaa kiasi kwamba aliyefika leo alipangiwa tarehe ambayo mitihani ingekuwa imekwisha kuanza.

Nilikuwa nimemwandikia Mlezi wa Wanafunzi kuomba mshauri wa tatu, bila kujibiwa. Dada hakutaka kungoja. Alipendekeza kwamba Jumatatu iliyofuata tusimpangie mtu tarehe, bali kila atakayefika asikilizwe siku hiyohiyo kwa dakika ishirini, ndipo tuamue nani anahitaji saa nzima, nani anahitaji daktari, na nani anahitaji jambo jingine kabisa. Tuliwaomba pia waelimisha rika wa klabu ya UKIMWI wakae na wenzao kwenye benchi la nje, wazungumze nao tu, bila kumdadisi mtu kilichomleta.

Tulitumia dodoso la PHQ-9, ambalo lina maswali tisa na limekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili. Hupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa alama kuanzia 0 hadi 27. Swali la tisa huuliza kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba ni heri ungekufa, au umewaza kujidhuru. Binti mmoja alijaza manane ya kwanza haraka, kisha akaishikilia kalamu hewani.

“Madam, karatasi hii inakwenda polisi?”

Hakuuliza upuuzi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na sijui sheria nyingine inayomfundisha mgonjwa kwa ufanisi namna hiyo kumficha mganga maradhi yake. Nilimweleza kwamba kuwaza si kosa, na kwamba karatasi ingebaki kwenye kabati letu lenye kufuli. Nilimweleza pia jambo ambalo nisingeweza kumwahidi: nikiona maisha yake yamo hatarini, nitamwarifu mtu wa kutusaidia, lakini yeye atakuwa wa kwanza kujua ni nani. Alinitazama kwa muda, akaweka alama. Dakika ishirini zilikufa hapo hapo. Nilikaa naye hadi mchana, tukaenda pamoja zahanati ya chuo, na daktari akaandika rufaa. Baada yake swali la tisa tuliliuliza kwa mdomo, tukitanguliza maelezo hayo, na majibu yakaanza kuwa ya kweli.

Upande wa pili wa pazia, Dada alikuwa na kijana aliyelalamika kwamba hapati usingizi. Alipomuuliza amekula nini jana, ikajulikana kwamba alichelewa kurudi kutoka kwao, hakuwahi kusaini bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, na alikuwa akiishi kwa mlo mmoja wa kukopa. Dada alifunga faili, akamsindikiza hadi dawati la mikopo. Wapo wenzetu waliotucheka baadaye kwamba ushauri nasaha umegeuka kazi ya tarishi, nami sikubaliani nao hata kidogo: kumpangia kijana yule miadi ya wiki tatu baadaye ili azungumzie usingizi kungekuwa dhihaka. Wengine siku ile walihitaji fomu ya kuahirisha mitihani na mtu wa kuwaeleza kwamba kuahirisha si sawa na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Jioni tuliwagawa upya waliokuwa daftarini. Waliohitaji saa nzima, wakiwamo waliofiwa na waliotendewa ukatili, walikuwa wachache kuliko tulivyohofia, na wote wakapata nafasi kabla ya mtihani wa kwanza. Tukaamua kwamba asubuhi zote ziwe za kusikiliza bila miadi, na alasiri zibaki kwa miadi.

Jibu la barua yangu lilikuja mitihani ilipokwisha. Tulipewa chumba cha pili, chenye mlango badala ya pazia. Mshauri wa tatu hakutajwa.