Mabano mawili

Ami ana ofisi ndogo Mkoani, Pemba, hatua chache kutoka bandarini. Boti ikifunga gati ikitokea Unguja, mizigo inateremshwa: mingine wenyewe wanaichukua pale pale, mingine inapakiwa daladala ya njia ya 603 kuja Chake. Kazi ya Ami ni kujua kila boksi liko wapi na nani kalilipia. Miaka yote alikuwa na kaunta buku na simu isiyonyamaza.

Nikamtengenezea programu kwa Node.js na Express, zana za kuandikia programu za wavuti kwa JavaScript. Mteja anaandika namba ya mzigo, anaona kama umefika. Ilikwenda vizuri mpaka siku njia ya kutuma meseji ilipokwama na programu nzima ikaganda nayo, kwa sababu kila kitu nilikifunga furushi moja. Watu wakarudi kumpigia Ami. Ami akarudi kunipigia mie.

Nikaamua kuigawa: huduma ya mizigo mbali, ya malipo mbali, ya meseji mbali, ili mmoja akianguka wenziwe wabaki wamesimama. Fremuweki niliyoichagua, yaani kiunzi cha kujengea na kuunganisha huduma hizo, ni Moleculer. Kusema kweli, kwa ofisi ya watu wawili, huko ni kuchinja ng'ombe kwa mishikaki miwili. Lakini nilitaka kujifunza, na Ami halipi, kwa hiyo hana pa kulalamikia.

Kuingia na neno la siri, kurasa za wateja, vyote vilikuwa Express na sikutaka kuvigusa. Moleculer ina mlango wake wa wavuti, pakiti ya moleculer-web, na mlango huo unaweza kufungua poti (namba ya kupokelea maombi) yake wenyewe au ukakaa ndani ya Express kama midoweya. Nikataka ukae ndani.

Kwa asiyejua: ombi likiingia Express hupita mkono kwa mkono, kama boksi linavyoshushwa botini na mahamali waliojipanga. Mmoja anasoma kuki, mwengine anaangalia kama umeingia na neno la siri, mwengine anafungua data iliyokuja na ombi. Kila mmoja ama ajibu mwenyewe, ama aite `next()` ampe wa mbele yake. Hao ndio midoweya. Akitokea mmoja kalikumbatia boksi, hajibu wala hapitishi, basi boksi hilo halifiki kwa mtu.

Baada ya Isha nikakaa barazani na laptopu. Jirani alikuwa ameanika karafuu mchana kutwa na harufu ilikuwa bado imetanda. Nikaandika:

`const mlango = require("./services/api.service.js");`
`app.use("/api", mlango);`

Nikawasha. Papo hapo: `TypeError: Router.use() requires a middleware function but got a Object`. Nipo Express 4 bado, na tizameni hata Kiingereza chake, "a Object". Lakini ujumbe wenyewe ni wa kweli. Faili la huduma ya Moleculer ni skima, yaani maelezo: jina la huduma, mipangilio, kazi zake. Express inataka fanksheni, mtu wa kupokea boksi, na mie nimeipa barua ya kumuajiri huyo mtu. Nikajaribu `mlango.express()`, ikanijibu kwamba hiyo si fanksheni. Sawa tu, barua haina mikono.

Wa kuigeuza skima iwe huduma hai ni dalali, yule anayeitwa `broker`. Unamwambia `broker.loadService("./services/api.service.js")` naye anakurudishia huduma yenyewe, na hiyo ndiyo yenye `express`. Pia lazima uandike `server: false` kwenye mipangilio. Mie mara ya kwanza nilisahau, mlango ukataka poti 3000 ile ile ya Express na nikapata `EADDRINUSE`, yaani poti ishachukuliwa. Hilo nilishalijua, dakika mbili likaisha.

Nikarekebisha, nikaandika `app.use("/api", mlango.express);` nikawasha. Kimya. Hakuna kosa hata moja. Nikajipongeza, nikaenda kutia kahawa.

Niliporudi nikatuma ombi kwa curl, amri ya kutuma maombi bila kivinjari: `/api/mizigo/214`. Kishale kinametameta. Nikangoja. Kinametameta. Nikasema ni hifadhidata, nikaizima na kuiwasha. Nikasema ni mtandao, ilhali kila kitu kipo ndani ya laptopu yangu mwenyewe! Nikatia `console.log`, mstari wa kuchapa ujumbe, kabla ya mlango, ikachapa. Nikatia baada ya mlango, haikuchapa. Nikatia ndani ya huduma ya mizigo, kimya. Ombi linaingia kwa huyu hamali wa mlango na halitoki, na yeye hasemi kitu.

Nikachapa `typeof mlango.express`, kuuliza ni kitu cha aina gani, ikajibu `function`. Sasa si ndiyo ile ile inayotakiwa? Hapo nikakaa zaidi ya saa nzima, nikisoma mambo yasiyohusika, mpaka nikachapa, kwa uchovu tu, kile kinachotoka ukiiita: `console.log(mlango.express())`. Ikaja `[Function (anonymous)]`.

Wallahi nilicheka peke yangu. `express` si hamali. `express` ni fanksheni inayokupa hamali ukiiita. Nilipoipeleka bila mabano, Express ikaridhika, kwa kuwa imeona fanksheni. Ombi likifika inaiita, yenyewe inatoa fanksheni nyingine, na hiyo nyingine hakuna wa kuipokea. Hapajibiwi, `next()` haiitwi, kosa halirushwi. Kila mmoja kafanya kazi yake na boksi lipo sakafuni.

`app.use("/api", mlango.express());`

Mabano mawili. Saa nane za usiku.

Jibu likaja hapo hapo, `Cannot GET /api/mizigo/214`, na nilifurahi kuiona 404, yaani "ukurasa haupo", kama nimeona mwezi wa Idi. Hii ilikuwa nyepesi. Express ikishakupeleka kwenye `/api`, inalikata neno hilo kabla ya kumkabidhi midoweya, na kwenye mipangilio ya mlango kiolezo cha Moleculer nilichoanzia kilikuwa kimeandika tena `path: "/api"`. Ukienda `/api/api/mizigo/214` unapata mzigo wako. Nikaweka `path: "/"`, nikalala.

Siku ya tatu umeme ukakatika. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika hatuna la kufanya ila kungoja. Uliporudi, mashine ya ofisini ikajiwasha yenyewe, na mteja wa kwanza akaambiwa `Service 'mizigo.tafuta' is not found`. Huduma ya mizigo husubiri hifadhidata kabla ya kujisajili kwa dalali, na Express ilishafungua mlango wakati wenye duka bado wanapiga mswaki. Nikahamisha mstari mmoja: `await broker.start()` kwanza, `app.listen` baadaye.

Tangu hapo wiki nzima imepita. Juzi asubuhi Ami kanipigia.

"Mwanangu, leo hapajapigwa simu hata moja tangu boti ifike. Hiyo programu yako imekufa?"

Nikamwambia asikate, nikafungua logi kwanza.