Kazi yangu melini huku Antaktika

Wengi mnaniuliza kazi ya meli ndogo za msafara, zinazopeleka watalii Antaktika, ikoje. Ni ngumu, na naipenda mno.

Tunatokea Ushuaia, Argentina, halafu tunavuka Mlangobahari wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, karibu siku mbili. Bahari ikichafuka abiria wanalala na kichefuchefu, sisi tunapanda ngazi, mkono mmoja kwenye trei, mwingine kwenye chuma cha kushikia. Hapo ndipo utamjua mwenzako.

Meli ndogo haina "hiyo si kazi yangu". Asubuhi natandika vitanda, mchana niko mlangoni nashusha watu kwenye boti za mpira. Tunashikana kwenye kifundo cha mkono, si kiganjani, maana glovu zikilowa zinateleza.

Kinachonigusa zaidi ni kuosha viatu. Kila buti linasuguliwa kwa brashi, tunachokoa hadi mbegu ndogo iliyojificha kwenye soli, kisha linachovywa kwenye dawa, kabla ya kushuka na baada ya kurudi. Wengine hununa. Mimi sina haraka, kwa sababu homa ya mafua ya ndege imeshafika huku na makundi ya pengwini hayana daktari. Nchi kavu hawazidi abiria 100 kwa wakati mmoja, na pengwini unamkalia mbali angalau mita 5. Akikusogelea mwenyewe, simama tuli, mpishe.

Mnaotaka kuomba kazi hii, anzeni na mafunzo ya msingi ya usalama melini: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Bila cheti hicho hupandi.