SEC 12, ACC 4: utabiri wangu huu hapa
Wapenzi wa kikapu, kesho na keshokutwa, Desemba 3 na 4, 2024, vyuo vya SEC vinakutana na vya ACC (hizi ni ligi mbili za vyuo vikuu vya Marekani), mechi 16. Mwaka jana walitoka sare, 7 kwa 7. Safari hii hakuna sare. Naishi Lexington na nyumbani kwangu jezi ni za bluu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, kilicho SEC, kwa hiyo jueni mapema nipo upande gani.

Kentucky tunaenda kwa Clemson na tunashinda kwa pointi 12. Ugenini pana kelele, sawa, lakini vijana wa kocha wetu Mark Pope wanarusha pointi tatu bila woga, na mwezi uliopita tuliifunga Duke 77-72 kule Atlanta. Pope mwenyewe alitwaa ubingwa wa vyuo wa 1996 akiichezea Kentucky. Anajua uzito wa jezi hii, na wachezaji wake wanapigana hadi sekunde ya mwisho. Nampenda sana kocha huyu!

Alabama, wa SEC pia, wataichapa North Carolina huko huko North Carolina. Tennessee na Syracuse, hiyo imeisha, Tennessee wanashinda.

Inayoninyima usingizi ni Auburn, wa SEC, kwenda kwa Duke. Ukumbi wa Duke, Cameron, unaingiza watu 9,314 tu, na wanafunzi wanasimama karibu kabisa na mstari. Halafu Duke wana Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Huyo ni wetu wa Afrika Mashariki, namwombea azuie kila mpira unaopita karibu na kikapu. Lakini Auburn ya mchezaji Johni Broome ishinde, 81-78.

Leteni utabiri wenu kabla mpira haujarushwa.