Boriti za kwetu nilizozikuta Dubai

Hii ilikua mwezi wa 12 mwaka wa 2018. Dadangu alikua afanya kazi Sharjah, na nilipoenda kumtembelea akasema hurudi Lamu wewe mpaka uione Dubai vizuri, akanilipia siti tua ya siku nzima, basi dogo la watu kama 14 na kijana wa kututembeza, mtu wa Kerala huko India, mpole sana na aijua kazi yake. Saa mbili asubuhi tushatoka.

Yale ambayo kila mtu ashayaona kwenye simu nitayapita haraka. Tulisimama ufuoni Jumeirah tukapiga picha Burj Al Arab, ile hoteli ya umbo la tanga, tukazungushwa Palm Jumeirah, halafu Burj Khalifa tukapanda mpaka ghorofa ya 124. Jengo lina mita 828 na lifti yake hata huhisi kama yaenda, ni masikio tu ndio yaziba. Kule juu kitu kilichonikaa ni vile mji wote ni kama ukanda, huku bahari, huku mchanga mpaka macho yachoke. Mti wa kujengea hakuna. Nikawa najiuliza hawa watu kabla mafuta hayajapatikana mwaka wa 1966 nyumba zao walikua waziezeka na nini, manake kwetu mtu akitaka kujenga kitu cha kwanza ni kuulizia miti.

Sasa pale Dubai Mall tulikaa masaa mawili na nusu, na hili liliniuma, kwa sababu tulipofika mji wa kale, Al Fahidi, kando ya khori, ule mkono wa bahari uingiao mjini, tukaambiwa muda umekwisha tuna dakika 20 tu. Dakika 20! Mimi nilipoingia kwenye vile vichochoro nilihisi niko Mkomani, mtaa wa kale wa kwetu Lamu, wallahi, kuta nene za mawe ya matumbawe, kivuli, milango ya mbao, na juu ya paa ile minara ya mraba ya kushika upepo wauteremshe ndani, waiita barjeel. Tukaingia nyumba moja chumba chembamba kirefu, sawasawa na vyumba vya nyumba za kwetu, nikainua macho.

Boriti. Zimepangwa moja moja kutoka ukuta huu mpaka ukuta huu, na juu yake jamvi la makuti. Yule kijana akawa aeleza kwamba miti hii yaitwa chandal na ililetwa na majahazi kutoka Afrika Mashariki, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Wenzangu wakapiga picha wakatoka. Mimi miguu ilikataa.

Babu yangu alikua mkata boriti. Walikua wakienda mikokoni upande wa Mkanda wiki mbili tatu, walala huko huko na mbu, washinda kwenye tope la magoti na shoka, wakata mkoko, waubandua magome, halafu wangoja maji ya bamvua ili mashua iingie mpaka ndani ya kijito kupakia. Zikifika mjini zahesabiwa kwa korja, korja moja ni miti 20. Majahazi ya Waarabu yalikua yaja na kaskazi, yaleta tende na chumvi na mazulia, yangoja upepo ugeuke, kusi likianza yaondoka yamejaa boriti. Babu aliziona zikiondoka miaka yote hiyo na hakuwahi kuona hata moja imewekwa wapi. Mwaka wa 1982 serikali ilipokataza kupeleka boriti nje alikua ashazeeka.

Yule kijana akarudi kuniita, nikamwambia babu yangu alikua akikata hizi. Akanitazama. Akatoka nje akaongea na wenzangu, sijui aliwaambia nini, akarudi akanipeleka kwenye ngazi ya kupandia darini ambapo dari iko chini mkono wafika. Nikaishika. Ngumu, kavu, nyeusi kwa umri, na pale ilipokua imechubuka kidogo ndani bado nyekundu, ule wekundu wa mkoko ambao ukikata mti mbichi mikono yako hubaki nao siku mbili. Nikaiwekea kiganja nikapiga picha. Hatukukawia, dakika tano labda, lakini sijawahi kufanyiwa wema kama ule na mtu nisiyemjua.

Baada ya hapo tukavuka khori kwa abra, mashua ndogo ya kuvushia watu, dirham moja tu, mpaka Deira, na bandarini majahazi yamefungwa mengine yapakia friji na matairi. Wenzangu wakaingia soko la dhahabu. Mimi nilikaa pale ukingoni nikamtumia baba ile picha na voisi noti ndefu, nalia na naongea, nikimwambia baba ziko hapa, boriti ziko hapa, zimeshika nyumba za watu.

Baba si mtu wa maneno mengi. Alikua amekwenda na babu mikokoni tangu mdogo. Jibu lilikuja baada ya magharibi, niko kwenye basi twarudi Sharjah, nikaiweka simu sikioni. Kimya kidogo, halafu akakohoa. Akasema, "Mwanangu, nimeiangalia na kiganja chako. Hiyo boriti hiyo, si mazio. Mazio ni nyembamba kuliko hiyo." Akanyamaza tena. "Umeangalia kama imeliwa na mchwa?"

Nikamjibu, "La baba, haikuliwa."

Akasema, "Eeh. Ilibanduliwa vizuri."

Nilipofika nyumbani dadangu akaniuliza nimependa nini zaidi. Nikamshika mkono nikamuweka hiyo voisi noti asikize.